Podi iliyojazwa au ya kujaza mwenyewe? Hesabu kwa mililita kwanza

Wakuu, kodi ya veipu (sigara ya kielektroniki) ikipanda tu kila mtu anaanza kuulizia mashine ya kujaza mwenyewe kana kwamba ndo dawa ya kila kitu, af baada ya wiki tatu unamkuta karudi kwenye podi zilizojazwa kiwandani (podi ni kile kikopo kidogo cha kuchomeka kwenye mashine, kinachobeba maji ya kuvuta) na analalamika kuliko mwanzo. Mi nimepita njia zote mbili na nimekula hasara kote kuwili, kwa hiyo naeleza nilivyojionea. Hii ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Kama hujaanza, baki hivyohivyo, maana nikotini ikishakushika hata kodi ipande vipi haikutoi kirahisi.

Kabla hujanunua chochote angalia kodi ya kwenu imekaa wapi, hapa ndo wengi wanapokosea. Kuna kodi ya ujazo na kuna kodi ya thamani. Kenya wanatoza kwa ujazo, likwidi (yale maji ya kuvuta) yenye nikotini ilitoka shilingi 70 kwa mililita ikaenda 100 mwishoni mwa 2024. Uingereza nao wamepanga pauni 2.20 kwa kila mililita 10 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, iwe na nikotini nyingi, kidogo au isiwe nayo kabisa, na VAT inakaa juu yake. Upande wa thamani kuna jimbo kama Minnesota kule Marekani, wao ni asilimia 95 ya bei ya jumla. Kodi ya thamani inaiumiza zaidi podi iliyojazwa, kwa sababu unatozwa mpaka kwenye plastiki, koili (kile kiwaya kinachochemsha likwidi) na boksi. Kodi ya ujazo haijali plastiki, inajali maji tu, mililita 2 ndani ya podi na mililita 2 ndani ya chupa zinalipa sawasawa.

Sasa hapo kwenye ujazo ndo utasikia watu wanasema "chupa imepanda kinoma, podi haijapanda sana, bora podi". Wanachosema kina ukweli nusu. Tupige hesabu kwa namba za kubuni, hela yoyote ile. Pakiti ya podi mbili za mililita 2 tuseme ni 60, hiyo ni 15 kwa mililita. Chupa ya mililita 10 ni 40, yaani 4 kwa mililita, halafu podi tupu ni 30 na inapitisha kama mililita 15 kabla koili haijaungua, ongeza 2, jumla 6. Kodi ikija na 2 kwa mililita, ya kiwandani inakuwa 17 na ya kujaza inakuwa 8. Kwa asilimia, ile ya kujaza imepigwa vibaya, theluthi nzima, ile nyingine kama 13 tu. Lakini mfukoni hutoi asilimia, unatoa hela, na tofauti kati yao imebaki 9 ileile kwa kila mililita. Kwa hiyo mtu akikwambia kodi imeua kujaza mwenyewe mwambie arudie hesabu.

Ila subiri, usikimbilie dukani bado.

Mtego uko kwenye kiasi unachovuta. Mtu aliyekuwa anamaliza podi moja ya mililita 2 kwa siku alikuwa anatumia 34. Akihamia kwenye kujaza na akabaki kwenye 2, anatumia 16, safi kabisa, na mashine ya 150 inajirudisha ndani ya siku 9 hivi. Lakini huyohuyo anauziwa mashine kubwa yenye koili ya omu 0.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme kwenye koili), moshi kama wa treni, anaanza kumaliza mililita 4 bila kujijua, na hapo anatumia 32. Ile akiba yote imeyeyuka kwa moshi, na kodi anailipa mara mbili kwa sababu mililita zimekuwa mara mbili! Mi yalinikuta, mwezi wa kwanza nikawa najisifu naokoa, kumbe chupa zilikuwa zinaisha tu kama chumvi ya mama lishe.

Kwa hiyo ukihamia, chagua koili yenye omu kubwa, 0.8 mpaka 1.2, mvuto wa kubana kama sigara. Hizo zinakunywa kidogo. Angalia na nguvu ya nikotini ya podi uliyokuwa unatumia, imeandikwa kwenye boksi, Umoja wa Ulaya na Uingereza mwisho ni miligramu 20 kwa mililita, halafu nunua likwidi ya salti (nikotini ya aina ya chumvi) yenye namba ileile au iliyo karibu. Wengi wanashuka kutoka 20 hadi 6 siku moja wakidhani wanabana matumizi, mwili unadai chake, mtu anavuta mfululizo na mililita zinapaa. Kama lengo lako ni kupunguza nikotini mpaka uache, hilo ni jambo zuri sana, ila shuka polepole na uangalie chupa inakaa siku ngapi kila ukishuka.

Likwidi yenyewe soma lebo: utaona PG (propylene glycol, nyepesi) na VG (glycerin ya mimea, nzito). Kwa koili za omu kubwa chukua nusu kwa nusu. Ile yenye VG asilimia 70 ni nzito, haipenyi haraka kwenye pamba ya koili, na hapa ndo nilipochoma podi yangu ya kwanza kabisa siku ileile niliyoinunua. Niliijaza, nikavuta palepale, koo likapata ladha kama ya gunia linaloungua, nikadhani likwidi mbovu nikavuta tena. Nilipoichungulia kwenye mwanga pamba ilikuwa na alama nyeusi katikati, saizi ya kichwa cha pini. Podi ikaishia hapo. Koili ikishaungua haifufuki hata uioshe.

Jinsi ya kujaza ni hivi: fungua kizibo cha pembeni, ingiza ncha ya chupa mpaka mwisho, minya taratibu, acha nafasi ya hewa kidogo juu, funga. Usimwage likwidi kwenye tundu la katikati, hilo ni la hewa, ukilijaza utasikia gurugurugu na maji yatakuja mdomoni. Podi mpya ikishajazwa isubiri dakika 10 bila kuivuta, simamisha mezani, nenda kafanye kitu kingine. Halafu mivuto ya kwanza iwe mifupi. Usiache ikauke kabisa, ikifika robo jaza. Likwidi tamu sana za keki na pipi zinaua koili mapema, vile vikoleza utamu vyake vinaganda pale kwenye waya, na koili ikifa mapema ile 2 yetu ya hesabu inakuwa 4 au 5. Ni tamu kweli, ila unazilipia mara mbili.

Mikono ikilowa likwidi nawa, nikotini inapita kwenye ngozi. Chupa iwe na kifuniko cha kumzuia mtoto na ikae juu sana au ifungiwe, mililita chache tu za kitu hiki zinaweza kumuua mtoto mdogo, hapo hakuna utani.

Nani abaki kwenye zilizojazwa? Mtu ambaye anavuta kidogo sana, podi moja inamchukua wiki, akiba yake kwa mwezi haifiki hata bei ya mashine, tena koili inaweza kukaa na likwidi mpaka ikabadilika ladha. Mtu ambaye mikono inatetemeka au haoni vizuri vitu vidogo, kwake kuchomeka na kuvuta ni heri. Na yule aliyetoka kwenye sigara juzi tu, huyo asichanganyiwe mambo ya omu na VG sasa hivi, akae pale panapomzuia asirudi kwenye sigara, hesabu atapiga akitulia.

Kuna ujanja wa kuzijaza upya zile za kiwandani, watu wanabandua mpira wa chini kwa sindano na kudondoshea likwidi. Nimefanya. Mara ya kwanza inakubali, mara ya pili mpira haushiki vizuri, inavuja usiku kucha kwenye vile vichuma vya chaji, asubuhi unakuta tishu ina rangi ya chai na mashine inawakawaka taa tu haivuti. Ukitaka kujaza nunua podi ya kujazwa, basi.

Na hizi bei za kutupa zitakazoanza kuonekana baada ya kodi, fanya hesabu moja fupi: zidisha mililita kwa kodi. Kama chupa inauzwa chini ya kodi yake yenyewe, hiyo haijalipiwa, na aliyeruka kodi huwezi jua ameruka nini kingine humo ndani. Kuhodhi chupa 40 kabla ya tarehe ya kodi nako sikushauri, nikotini ikikaa inageuka kahawia na ladha inakuwa ya pilipili, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye chupa.

Ukihamia, chukua maka peni uandike tarehe kwenye podi siku unayoijaza mara ya kwanza, na kwenye chupa siku unayoifungua. Baada ya mwezi utakuwa na mililita zako na siku zako za koili, siyo zangu za kubuni, uzirudishe kwenye ile hesabu ya juu. Ninayotumia sasa imeandikwa, iko siku ya 11, chupa imefika nusu na pamba bado nyeupe.