Mapenzi ya mtumishi na mwajiri kwa mtindo wa Punjab: mimi huanzia malishoni

Miaka minne nilifanya kazi za ndani kwa familia ya Wapunjabi, Nairobi. Bibi wa nyumba ile, tuliyemwita Biji, ndiye aliyenisimulia Heer na Ranjha, hadithi ya kale ya wapenzi wa Punjab, mimi nikisukuma chapati na yeye akilalamika kwamba si duara. Siku hizi naandika hadithi, na wenzangu huniuliza mapenzi ya namna ile yanaandikwaje.

Kabla macho hayajagongana, mpe mtumishi kazi inayoonekana. Ranjha alitoka kwao, Takht Hazara, baada ya ndugu zake kumdhulumu shamba. Huko Jhang, Chuchak, baba yake Heer, akamwajiri kuchunga nyati. (Si wa Maasai Mara hawa. Hukamwa, na samli nzuri hutoka kwao.) Penzi lilipovuja, Ranjha akafukuzwa. Unadhani alirudishwa na machozi ya Heer? Nyati waligoma kula bila yeye, ikabidi wenye mali wakambembeleze. Mwajiri anamhitaji mtu asiyemtaka: ukilishika fundo hilo, sura tano zitakuja bila kuitwa.

Kisha tafuta chakula. Heer alimpelekea Ranjha churi malishoni, yaani chapati iliyofikichwa kwa samli na sukari. Ami yake, Kaido, akajifanya fakiri, akamwomba Ranjha kidogo, akapewa, akakimbia nayo kwa wazee iwe ushahidi. Barua ya nini tena? Mimi ningetumia kikombe. Changu kilikaa peke yake juu ya friji, kina ufa kwenye mkono. Siku kijana wa nyumba akikichukua akanywea, hadithi imeanza. (Hakunywea. Nafundisha kutunga hapa, sitoi ushahidi.)

Sasa swali gumu: mtumishi wako ni mtumishi kweli? Ranjha ni mtoto wa mwenye ardhi. Mahiwal, mpenzi wa Sohni katika hadithi nyingine ya Punjab, alikuwa Izzat Baig, mfanyabiashara tajiri kutoka Bukhara aliyejishusha akachunga nyati wa mfinyanzi, baba yake Sohni, kule Gujrat. Wote wawili wameuvaa utumishi kama shuka ya kuazima, na kwangu huo ni ujanja wa kukwepa jambo lenyewe. Ukitaka mtumishi halisi, tafuta riwaya ya Gurdial Singh ya 1964, Marhi Da Deeva. Jagseer ni siri (si siri yetu hii), kibarua anayefungamana na mwenye shamba kwa malipo ya sehemu ya mavuno. Anayempenda ni mke wa kinyozi. Nyumba kubwa hata hakuitupia jicho la namna hiyo! Na maumivu yake makubwa yanatoka huko huko, mtoto wa tajiri anapoukata mti wenye kumbukumbu ya baba yake Jagseer na kuuuza. Soma sehemu hiyo kabla hujampeleka mtumishi wako chumbani kwa binti wa tajiri.

Busu ni rahisi, sitapoteza muda hapo.

La kuangalia sana ni wanavyoitana. Mtumishi atamwita bwana wake Sardar-ji, na ile "ji" ndiyo heshima yenyewe. Wapenzi wakiwa peke yao, idondoshe mara moja tu, halafu mfanye aogope na kuirudisha haraka. Mimi nilimwita "Biji" miaka yote minne. Yeye aliniita "msichana", nami nina watoto watatu. Jina langu alilitaja siku naondoka, akalikosea.