SOMO: Jinsi ya kufungua, kumimina na kuonja shampeni ya brut

Wadau habari zenu, niliahidi somo la shampeni na leo nimekaa nimeliandika. Kuhudumia waini mezani ndo kazi yangu, na inaniuma nikiona mtu kanunua chupa ya bei kubwa afu anaitingisha. Ile kitu inatoka mkoa wa Champagne kule Ufaransa, maeneo ya Reims na Épernay, inachachuka mara ya pili humo humo kwenye chupa kwa hamira na sukari, na kisheria haiuzwi mpaka ifikishe angalau miezi 15. Sasa miezi yote hiyo unaimwaga sakafuni kwa sekunde mbili!

1. Soma lebo. Brut maana yake sukari haifiki gramu 12 kwa lita. Wengi wanakwama kwenye Extra Dry, jina linasema kavu kabisa kumbe ina gramu 12 mpaka 17, yani ni tamu kuliko brut.

2. Ipoze mpaka nyuzi 8 hadi 10. Friji masaa matatu manne, au ndoo yenye barafu nusu na maji nusu kwa dakika 20 hadi 30. Maji ni lazima, maana barafu tupu inagusa chupa hapa na pale tu. Friza hapana.

3. Kufungua. Hapa taratibu jamani, presha ya mle ndani inazidi mara mbili ya tairi la gari dogo, kizibo kikiruka kinatoboa jicho la mtu. Bandua karatasi, weka kidole gumba juu ya kizibo na usikitoe tena, legeza waya (nusu mzunguko mara sita) ila uuache palepale. Inamisha chupa upande usio na watu, shika kizibo kwa nguvu afu zungusha CHUPA, sio kizibo. Kitaanza kusukuma chenyewe, wewe kizuie, mpaka usikie kama mtu kashusha pumzi. Ukisikia paa, gesi imeshapotea.

4. Mimina kidogo, subiri povu litulie, ongeza hadi theluthi mbili. Glasi isuuzwe vizuri, sabuni ikibaki inaua mapovu.

5. Kuonja. Usikimbilie kumeza. Nusa kwanza, utapata tufaha la kijani, limau, na nyuma yake harufu ya mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi, hiyo ni kazi ya hamira iliyolala chupani muda wote ule. Afu piga funda dogo, liache juu ya ulimi, mapovu yanachoma kidogo, uchachu unaita mate pembeni ya mdomo, na ukishameza subiri uone ladha inakaa muda gani. Mimi hapo ndo huwa naijua chupa nzuri.

6. Chakula: chaza, jibini, chipsi za moto zenye chumvi, samaki wa kukaanga. Keki hapana, brut inageuka kuwa kali mdomoni, kwa keki tafuta demi-sec, yani shampeni yenye sukari zaidi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi nimezoea Dompo, ile waini tamu, juzi nimeonja brut nikaona chachu balaa, ilikuwa imeharibika?
Jibu: Hapana ndugu yangu, ndivyo ilivyo, anza nayo pamoja na kitu cha chumvi. Iliyoharibika na kizibo inanuka kama boksi lililolowa.

Swali: Eti ikibaki unaweka kijiko shingoni mapovu hayatoki?
Jibu: Dada, kijiko hakisaidii kitu. Nunua kizibo maalum cha kubana, weka friji, imalize kesho au keshokutwa.

Swali: Bei imenishinda kaka, kuna mbadala?
Jibu: Upo. Tafuta crémant, waini ya mapovu ya Loire au Alsace, ni Ufaransa hiyo hiyo na inachachukia kwenye chupa vile vile, bei yake mara nyingi iko chini sana. Hakikisha tu imeandikwa brut, na kuifungua ni kama nilivyoeleza namba 3.