Somo: Kupiga Picha Vitu Vinavyong'aa Bila Kujipiga Mwenyewe

Anayeanza kupiga picha za vijiko, saa au birika la chuma hushangaa kuona kwamba kadiri anavyoongeza taa ndivyo picha inavyozidi kuharibika: doa jeupe hapa, weusi pale, na katikati ya birika yumo yeye mwenyewe, kichwa kikubwa na kamera mkononi. Chuma kilichong'arishwa hakitawanyi mwanga kama kitambaa kifanyavyo, bali huurudisha kwa pembe ile ile uliyoingilia. Kwa hiyo weupe na weusi unaouona juu ya birika ni wa ukuta, dari, dirisha na shati lako. Kazi yako, basi, si kukiangaza kitu, bali ni kupanga kile ambacho kitu hicho kinakitazama.

Hatua ya kwanza: usafi. Futa kwa kitambaa laini cha miwani, ondoa vumbi kwa brashi, kisha shika kwa glavu za pamba. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikifuta kwenye kompyuta vumbi la pete moja ambalo brashi ingeliondoa kwa dakika mbili.

Hatua ya pili: kamera kwanza, taa baadaye. Ukihamisha kamera baada ya kupanga taa, pembe zote zimebadilika na unaanza upya. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, rudi nyuma, kisha vuta kwa lenzi ndefu, kwa sababu kamera iliyo mbali huonekana ndogo zaidi ndani ya kitu. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au 10 ili upate nafasi ya kuondoka, na uvae nguo nyeusi, maana shati jekundu litaonekana.

Hatua ya tatu: tafuta kinachotazamwa. Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo picha inapoamuliwa. Huku ukitazama skrini ya kamera, pitisha karatasi nyeupe polepole kukizunguka kitu, juu, pembeni na mbele, mpaka uione imetokea juu yake. Mahali hapo karatasi ilipo ndipo unapopaswa kuweka mwanga ukitaka sehemu hiyo iwe nyeupe, au kitu cheusi ukitaka iwe nyeusi. Sinia bapa hutazama eneo dogo tu, kwa hiyo ni rahisi kulitosheleza. Mgongo wa kijiko au mpira wa chuma hutazama karibu chumba kizima, pamoja na kamera yako, na hakuna pembe itakayokuficha kabisa. Utapunguza ukubwa wa taswira yako, na mabaki utayafuta baadaye.

Hatua ya nne: kuza chanzo cha mwanga. Taa tupu huacha nukta kali. Weka kati yake na kitu shuka jeupe lisilo na mikunjo au karatasi ya kuokea mikate, ili kitu kilione shuka badala ya taa, na ulisogeze shuka karibu kadiri usivyoliona kwenye picha. Taa ikiwa karibu na shuka, katikati hung'aa na kingo hufifia taratibu, na mfifio huo ndio unaoonyesha mviringo wa kitu. Taa ikiwa mbali, shuka lote huwa jeupe sawasawa. Flashi iliyo juu ya kamera izime. Zima pia taa za dari, kwa kuwa mwanga wa manjano ukichanganyika na wa dirishani hutia chuma rangi mbili.

Hatua ya tano: rudisha weusi. Wengi hununua kibanda cheupe cha kupigia picha, kisha hulalamika kwamba chombo cha fedha kimefanana na plastiki ya kijivu. Mimi sikipendi kwa vyuma. Jicho hutambua chuma kwa jinsi mwanga na giza vinavyokutana kwa mpaka mkali. Basi simamisha vipande vya kadibodi nyeusi pembeni, uvisogeze mpaka mstari mweusi ufuate ukingo wa kitu.

Kuhusu mipangilio, ISO 100 (kiwango cha chini cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11 (namba ikikua, tundu hupungua) vinatosha, kwa kuwa stendi inaruhusu kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu. Punguza mwanga hadi maeneo meupe yabaki na umbo, maana sehemu iliyoungua kabisa hairudishiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefunga chujio la polaraizi lakini pete ya fedha bado inawaka. Nimekosea wapi?*

Hujakosea. Chujio hilo, linalofungwa mbele ya lenzi na kupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, huondoa mng'ao wa kioo, maji au vanishi, hasa kamera ikitazama kioo kwa takribani nyuzi 56 kutoka mstari uliosimama wima juu yake. Kanuni ya pembe hiyo ilielezwa na mwanafizikia David Brewster mwaka 1815. Chuma kitupu karibu hakiitii. Kingetii iwapo ungeweka karatasi ya polaraizi kwenye taa pia, ila ukiuondoa mng'ao wote pete huonekana imekufa.

*Chupa yangu ya kioo inapotea kingo zake kwenye mandhari nyeupe. Nifanyeje?*

Fanya weupe wa nyuma uishie pale tu fremu inapoishia, kisha simamisha kadibodi nyeusi pande zote mbili, nje kidogo ya picha. Kingo za kioo hupinda mwanga na kuuchukua ule weusi, nazo huchoreka kama kwa wino. Ukitaka kingo nyeupe, geuza mpango: nyuma ya chupa pawe peusi, na weupe utokeze pembeni mwake.

*Je, nipulizie dawa ya nywele ili kupunguza mng'ao?*

Sishauri. Huacha utando, na huua kile kile unachotaka kukionyesha.

*Nikilenga ukingo wa kioo cha kujitazamia, kilichomo ndani kinakuwa na ukungu. Kwa nini?*

Kwa lenzi, taswira iliyo ndani ya kioo bapa iko nyuma yake kwa umbali ule ule ambao kitu chenyewe kiko mbele. Tumia tundu dogo zaidi, kwa mfano f/16. Isipotosha, piga picha mbili, moja ukilenga ukingo na nyingine ukilenga taswira, kamera ikiwa haijasogea hata kidogo, uziunganishe kwenye kompyuta.