Nyumba ya mteremkoni ndani ya ArchiCAD: ardhi kwanza, kuta baadaye

Mwanza ni mji wa miamba, na anayechora nyumba za Isamilo au Bugando anajua kuwa kiwanja tambarare huko ni cha kutafuta kwa tochi. Hata hivyo ramani nyingi huanzia kwenye sakafu, kisha ardhi inapachikwa mwishoni ili picha ipendeze. Gharama yake huonekana siku ya kuchimba msingi: upande wa chini ukuta unapanda mita mbili kabla ya kufika sakafuni, na matofali hayo hayakuhesabiwa popote. Fanya kinyume chake. Ardhi iingie kwenye faili la ArchiCAD, programu ya kuchorea majengo, kabla ya ukuta wa kwanza.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, kinashuka mita 6 kutoka barabarani hadi mpaka wa chini, yaani mita 1 kwa kila mita 5. Nyumba ni mita 12 kwa 10, ule upande wa 12 ukifuata kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Kwa hiyo chini ya nyumba ardhi inashuka mita 2.

Data ya mpima

Mwombe mpima ardhi faili la maandishi lenye vimo (kimo cha ardhi katika kila nukta aliyopima), usipokee PDF peke yake. Kwa kiwanja cha ukubwa huu vimo kila mita 3 hadi 5 vinatosha, lakini sisitiza apime pia juu na chini ya kila kingo: mtaro, ukingo wa barabara, ukuta wa jirani. Jiwe kubwa lipimwe kuzunguka kitako chake na kileleni. Kimo kimoja juu ya jiwe bila vya kitakoni kinazaa kilima ambacho hakipo.

Kabla ya kuliingiza faili, lifungue kwenye Excel na urekebishe mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa safu. Wapima wengi huandika namba ya nukta, kaskazini, mashariki, kimo. ArchiCAD inataka X, Y, Z, yaani mashariki ianze. Ukizibadilisha safu hizo kimakosa, kiwanja kinageuka kama kwenye kioo, na kwa kuwa umbo lake bado linafanana na kiwanja, kosa linaweza kuishi hadi siku ya kusimamisha nguzo. La pili ni ukubwa wa namba. Mwanza iko kwenye UTM (mfumo wa kuonyesha mahali kwa mita) kanda ya 36 kusini, ambako kaskazini ni zaidi ya mita 9,700,000. Ukichora mbali hivyo na nukta ya sifuri, mistari ya 3D inaanza kutetemeka na nyuso kukatikakatika. Toa kiasi kilekile kamili kwenye safu nzima, kwa mfano 9,720,000 kwa kaskazini na 490,000 kwa mashariki, na uandike kiasi hicho ndani ya faili ili mwenzako akikute.

Vimo navyo visichorwe kama vilivyo. Tuseme katikati ya eneo la nyumba ardhi iko mita 1,161.00 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya juu iliyokamilika tumeipanga 1,161.85. Hiyo ndiyo iwe sifuri ya mradi. Ingiza 1,161.85 kama kimo cha sifuri kwenye mipangilio ya mahali pa mradi, kisha punguza kiasi hicho kwenye safu ya Z.

Kujenga meshi

Meshi ni uso wa ardhi ndani ya programu. Kama una faili la vimo, fungua menyu ya Design na utumie Place Mesh from Surveyors Data. Programu itaunganisha vimo kwa pembetatu yenyewe. Kagua kingo: pale mpima alipoacha pengo, pembetatu ndefu huvuka na kutengeneza mteremko wa uongo.

Kama una kontua tu, hatua ni hizi:

1. Chora meshi inayozidi mipaka ya kiwanja kwa mita 3 hivi kila upande.
2. Meshi ikiwa imechaguliwa, shikilia kitufe cha nafasi na ubofye kontua moja. Chagua kuongeza nukta mpya.
3. Bofya nukta mojawapo ya kontua hiyo, chagua alama ya kuinua, andika kimo, weka tiki kwenye Apply to All. Rudia kwa kontua zote.
4. Nukta za ukingo wa nje ziinue moja moja, bila tiki ile.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa. Ukiiruka, kiwanja kinaonekana kama sambusa juu ya sahani: katikati kimepanda, pembeni kote kimebaki sifuri. Na ukiacha tiki imewekwa, ukingo mzima unapanda kwa pamoja.

Meshi haikubali vimo viwili mahali pamoja, kwa hiyo haiwezi kusimama wima. Penye ukuta wa kuzuia udongo weka mistari miwili iliyoachana milimita 50, mmoja wa juu na mwingine wa chini. Unene wa meshi nao ushuke chini kuliko msingi wa ndani kabisa, la sivyo kwenye sekisheni (mchoro wa jengo lililokatwa wima) nyumba itaonekana inaelea.

Ukimaliza, weka nakala ya meshi hiyo kwenye leya (tabaka la mchoro) yake, ipe jina "Ardhi ya asili", ifunge na usiiguse tena; ile nyingine ndiyo meshi ya kazi. Kila hesabu ya udongo itaitegemea.

Nyumba ikae vipi

Hapa ndipo fedha za mteja zinapookolewa. Ukisawazisha jukwaa moja katikati ya mteremko, unakata mita 1 upande wa juu na kujaza mita 1 upande wa chini. Kukata peke yake ni nusu ya 5 × 1, mara 12: mita za ujazo 30. Gawanya nyumba katika nusu mbili za mita 5 zinazopishana kwa mita 1, na kukata kunashuka hadi mita za ujazo 15. Ngazi sita za milimita 167 zinaunganisha sakafu hizo mbili. Penye granaiti karibu na uso wa ardhi, upungufu huo wa nusu una thamani kubwa kuliko namba inavyoonyesha.

Usiunde ghorofa mpya kwa tofauti ya mita 1. Iache nusu ya chini kwenye ghorofa ileile, kuta na slebu (mabamba ya sakafu) zake zikishushwa −1.00. Ila kuna mtego. Kimo cha kukata ramani, yaani usawa ambao ramani huchukuliwa kana kwamba jengo limekatwa hapo, kwa kawaida kiko mita 1.10 juu ya ghorofa. Dirisha la nusu ya chini linaloanzia 0.90 hadi 2.10 juu ya sakafu yake, ukilipima kutoka sifuri ya mradi linaishia 1.10 kamili. Kuta zikiwa zimewekwa Projected (zionyeshwe kama zinavyokatwa na kimo hicho), dirisha hilo linaweza kupotea kwenye ramani. Shusha kimo cha kukata hadi 1.00, kitapita madirisha ya pande zote mbili.

Kuchimba na kujaza

Usichimbe kwa kusogeza nukta za meshi. Mteja akitaka nyumba isogee mita 2, utaanza upya. Chora slebu za kuchimbia kwenye leya ya "Uchimbaji", chini yake ikiwa −0.35 kwa nusu ya juu na −1.35 kwa nusu ya chini (kifusi, zege na vigae vinakaa ndani ya kiasi hicho), na zizidi kuta kwa mita 0.6 ili fundi apate pa kusimama. Kwenye Solid Element Operations, amri ya kukata umbo moja kwa jingine, meshi ya kazi iwe target (kinachokatwa), slebu ziwe operator (kinachokata), kisha uchague Subtraction with upwards extrusion. Ficha leya, shimo litabaki. Ukifuta slebu, shimo linajifukia; ndiyo sababu ya kuonya wenzako juu ya leya hiyo.

Kujaza ni kinyume chake. Chora slebu nene inayoishia juu kwenye kimo kilekile, ifanye target, "Ardhi ya asili" iwe operator, na utumie Subtraction with downwards extrusion. Kinachobaki ni kifusi halisi, na ujazo wake unausoma kwenye jedwali. Kiasi cha kuchimba ni ujazo wa ardhi ya asili ukitoa wa meshi ya kazi. Udongo ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa robo hivi, kwa hiyo mita za ujazo 15 ardhini ni karibu 19 kwenye lori.

Msingi wa ngazi

Kuta mbili zinazofuata mteremko zinashuka mita 2 katika mita 10. Tofali la sementi lenye kimo cha milimita 230 pamoja na mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea ni karibu 250, kwa hiyo kila ngazi ishuke kozi moja (mstari mmoja wa matofali): ngazi nane, moja kila mita 1.25. Ngazi isizidi unene wa zege la msingi, na zege la juu lilalie la chini kwa angalau mara mbili ya kimo cha ngazi, hapa milimita 500. Kina anachotaka mhandisi kipimwe kutoka ardhi ya asili, kamwe si kutoka juu ya kifusi.

Sekisheni

Kata sekisheni tatu kufuata mteremko: ukuta wa kushoto, katikati, ukuta wa kulia. Kila moja ionyeshe ardhi ya asili kwa mstari wa nukta na ardhi mpya kwa mstari mzito. Kisha tazama ukuta wa nyuma, upande wa barabara. Katika mfano huu ardhi ya asili pale iko 1,162.00, sentimita 15 juu ya sakafu, na mvua yote ya kilima inaelekea hapo. Ongeza slebu nyingine ya kuchimbia yenye upana wa angalau mita 1 nje ya ukuta huo, chini yake iwe −0.15, ielekeze kwenye mtaro unaozunguka pembe zote mbili za nyumba, na uuchore mtaro huo hadi mahali maji yanapotokea.