Kuchonga Kabari za Kuangushia Miti

Katika mashamba ya mipaini, mikaratusi na miwati ya Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chensoo, umekuwa chombo cha kawaida, lakini si kila fundi anayefika shambani akiwa na kabari, yaani kipande chenye ncha nyembamba kinachogongwa ndani ya mkato ili kuuinua mti kwa nyuma na kuufanya uangukie mbele. Mara nyingi hukatwa tawi bichi papo hapo na kuchongwa kwa panga, na kabari ya namna hiyo husagika au kuchomoka wakati ule ule ambapo mti umeanza kurudisha uzito nyuma na kubana msumeno. Kabari nzuri ya mbao ni kazi ya asubuhi moja tu, mradi mti wa kuchongea uwe umekauka.

Mpaini haufai, kwa kuwa ni laini na husagika baada ya kugongwa mara chache. Mwati mkavu unafaa sana, na mkwaju unafaa kwa wale walio nyanda za chini. Mkaratusi pia hutumika, ila uchaguliwe kwa uangalifu, maana baadhi ya magogo yake yana nyuzi zilizojisokota. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na fundo wala ufa, kilichokaa kivulini kwa miezi kadhaa. Kisha kipasue kwa shoka badala ya kukichana kwa msumeno, kwani shoka hufuata nyuzi na hukuonyesha mara moja zinakoelekea. Kipande kikipasuka kwa kujipinda, kitupe jikoni. Kabari ambayo nyuzi zake hazitoki kichwani hadi nchani itakatika mshazari siku utakapoihitaji zaidi.

Kwa mti wa kipenyo cha sentimita 35 hadi 50, chonga kabari yenye urefu wa sentimita 24, upana wa sentimita 6 au 7, na unene wa sentimita 3 kichwani. Uwiano huo, yaani unene 1 kwa urefu 8, ndio ninaoupendekeza: kabari iliyo butu zaidi hurudi nje kila inapogongwa, na iliyo nyembamba mno huingia yote bila kuinua kitu. Usikate kwanza kipande kifupi halafu uhangaike kukishika. Chora mistari ya mteremko kwenye ncha ya mti mrefu wa kama mita moja, ubane mti huo kwa jiriwa, chonga na kupiga randa pande zote mbili, na ndipo ukate kabari yako mwishoni kabisa. Vidole vitakuwa mbali na makali muda wote.

Ncha isiachwe kali kama kisu, kwa sababu itajikunja inapokutana na mti. Ikate ibaki na unene wa milimita 2 au 3. Kingo za kichwa nazo ziondolewe kwa tupa pande zote nne, ili nyundo isianze kuzipasua. Nyuso mbili za mteremko usizipake mafuta wala vanishi, kwani mkwaruzo ndio unaoishikilia kabari isiteleze. Rangi nyekundu ipakwe kichwani peke yake, na utaishukuru utakapoitafuta ndani ya maranda.

Chonga pia kabari fupi, za sentimita 12 hivi, kwa ajili ya miti ya kupunguzia, yaani ile midogo inayokatwa ili kupunguza msongamano shambani. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 ukishatolewa mdomo wa mbele (pengo linalokatwa upande utakakoangukia) na kuachiwa bawaba (ukanda usiokatwa kati ya mdomo huo na mkato wa nyuma), nyuma yake hubaki sentimita 13 tu, na kabari ndefu itagota kwenye bawaba kabla haijainua chochote. Kumbuka vilevile kwamba mnyororo huacha uwazi wa takriban milimita 7, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya kabari huingia bure na kinachoinua mti ni unene unaozidi hapo. Hata hivyo kidogo hicho kina nguvu kubwa: kwenye mti wenye urefu wa mita 20, ambao umbali kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma ni sentimita 26, kuinua nyuma kwa sentimita 2 husogeza kilele karibu mita 1 na nusu.

Ingiza kabari mara tu mkato wa nyuma unapokuwa na kina cha kuipokea nyuma ya msumeno, wala usingoje mpaka msumeno ubanwe. Gonga taratibu, ukitazama juu baada ya kila pigo, kwa sababu mtikisiko huweza kuangusha tawi kavu. Kabari mbili zilizowekwa sambamba hugawana mzigo vizuri kuliko moja inayopigwa kwa hasira. Mti ulioinama waziwazi kinyume na mwelekeo unaoutaka usiutegemeze kwa kabari peke yake; huo unahitaji kamba au winchi. Kabari ya chuma iache nyumbani kwa kupasulia kuni, kwani mnyororo ukiigusa meno huharibika na vipande vyaweza kuruka.

Kichwa kikianza kuchanua kama ua, kipunguze kwa msumeno na uondoe kingo upya. Ncha iliyokatwa na mnyororo huchongwa tena kwa uwiano ule ule, na kabari iliyofupika huhamia kwenye kundi la zile za miti midogo. Yenye ufa unaofuata urefu wake haitengenezeki; ipeleke ikawe kuni.