Sato asiyesogea: gemu yako ya kwanza kwa Scratch

Mpwa wangu alikuja likizo dukani kwangu Kirumba, Mwanza, ninapotengeneza simu, akataka gemu ya samaki, sato, anayekwepa nyavu. Tukaijenga kwa Scratch, ile programu ya bure iliyoanzia MIT, Marekani. Huandiki msimbo, unavuta bloku na kuzipachika. Pakua ile ya kompyuta mara moja, bando likiisha unaendelea na kazi.

Sisi tulianza kwa kumsogeza samaki. Jukwaa la Scratch, yaani eneo la gemu kwenye skrini, lina upana wa 480 tu, x (nafasi ya kushoto na kulia) kuanzia -240 hadi 240, kwa hiyo anafika ukutani kabla hujapiga funda la pili la chai. Sato akae x -150 asitoke. Mishale ya juu na chini imbadilishie y (nafasi ya juu na chini) kwa 6 na -6, ndani ya bloku ya milele, inayorudia bila kukoma. Nyavu ndizo zimjie. Panda kivuko cha Kamanga utazame mawe ya ufukweni: wewe umekaa, mawe ndiyo yanayoondoka.

Chora wavu mmoja, mwembamba na mrefu. (Mpwa aliuita kokoro, ule wavu wa kukokota. Nikamwambia kokoro ni haramu. Akasema ndiyo maana samaki analikimbia.) Tengeneza kihifadhi cha namba, kiite kasi. Bendera ya kijani ikibonyezwa, kasi iwe -5, wavu ujifiche, halafu milele: subiri sekunde 1 hadi 3 kwa bahati nasibu, zalisha nakala. Nakala ikizaliwa iende x 240, y yoyote kati ya -130 na 130, ijionyeshe, irudie kubadilisha x kwa kasi mpaka x iwe chini ya -230, kisha ijifute. Ndani ya marudio hayo, ikimgusa sato, simamisha vyote.

Hiyo -230 ilitula jioni nzima. Tuliweka -250, nyavu zikaganda ukingoni kushoto, moja juu ya nyingine, na baada ya dakika kama kumi hazikuja mpya. Kumbe Scratch hairuhusu kitu kitoke chote nje ya jukwaa: wavu wetu ulikwama kwenye -240, haukufika -250, basi haukujifuta. Nakala zikifika 300, hazizaliwi nyingine.

Alama ni rahisi: ongeza 1 kabla nakala haijajifuta, na hapo hapo badilisha kasi kwa -0.1. Mpwa alifika 43 umeme ukakatika. Alikuwa hajahifadhi.