Kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kabla siku 30 hazijakupita

Rufaa nyingi za Mahakama ya Mwanzo hufia kwenye benchi la nje ya masjala, mwenye nayo akisubiri nakala ya hukumu. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11 ya sheria za Tanzania, kinatoa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, hata kama nakala utakabidhiwa mwezi wa pili baada ya hukumu. Tena kwa rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya, kuambatisha nakala si sharti, kwa kuwa jalada lenyewe huitwa kutoka chini. Kwa hiyo karani akisema "hakimu yuko safari, pita wiki ijayo", mwitikie kwa adabu, kisha nenda kaandike sababu zako kutokana na ulichosikia hukumu ikisomwa. Ndiyo maana siku ya hukumu unaingia na daftari.

Hata hivyo, nakala iombe siku hiyohiyo kwa barua. Andika mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, urudi nayo. Ombi la mdomo halina ushahidi. Ukichelewa, utalazimika kuomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na mahakama itataka maelezo ya kila siku iliyopotea. "Nilizungushwa" bila karatasi yenye muhuri haikubebi.

Sababu za rufaa ziwe fupi, zenye namba, zikionyesha hakimu alikosea wapi: ushahidi gani aliuruka, au shauri halikuwa la ngazi ile kabisa, kama mgogoro wa mipaka ya shamba, ambao una mabaraza yake ya ardhi. Matusi kwa hakimu hayahesabiwi kuwa sababu. Kama kweli aliomba chochote, hilo ni la Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya. Wapo wanaopeleka malalamiko huko na kukaa wakisubiri hukumu ibadilike. Kamati haina uwezo huo, na siku 30 zinaendelea kuhesabika.

Kufungua kwenyewe ni kwepesi: hati ya rufaa, yenye sababu zako, inaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama, unapewa namba ya malipo. Lipa siku ileile. Hati iliyoingizwa leo na kulipiwa keshokutwa ndiyo inayozaa ubishi wa kama rufaa ilikuwa ndani ya muda. Usiiache mpaka siku ya 29 pia. Mtandao nao hujua kuchagua siku ya kukatika.

Ukishindwa Wilayani, ngazi ya pili ni Mahakama Kuu, na hapa watu huchoma nauli bure. Kifungu cha 25 cha sheria ileile kinataka hati ifunguliwe kwenye Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa uamuzi, pia ndani ya siku 30. Wa Rungwe anaifungua Tukuyu. Hana haja ya kupanda Hiace kwenda Mahakama Kuu Mbeya kubishana na mapokezi.

Jambo jingine: rufaa peke yake haimzuii dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ili hukumu itekelezwe. Pamoja nayo, omba amri ya kusimamisha utekelezaji, na ukiipata, peleka nakala yake mwenyewe mahakama ya chini, ng'ombe wako wakiwa bado zizini.